Gari la Viti Viwili

Jumatatu, 3 Juni

Nimeliosha gari tena. Vumbi la Same halina aibu, ukifuta mbele linakaa nyuma. Baba Amani alikuwa ndani, kiti cha dereva, kama kila siku. Nimeosha nikimzunguka. Kioo cha mbele nimekimwagia maji usoni pake kabisa, hata jicho hakupepesa.

Halafu uji. Dawa ya presha. Shati safi. Ufunguo wa gari ameuhamisha mwenyewe kutoka mfuko wa shati chafu kwenda mfuko wa shati safi, kwa mkono wa kushoto. Huo ndio uliobaki. Wa kulia umelala mapajani tangu kiharusi cha masika ya mwaka jana, pamoja na mguu wake, pamoja na maneno yake.

Amani, mwanetu, amepiga simu kutoka Dar. Anataka gari liuzwe mwezi huu huu. Nimemwambia sawa. Sababu zote nazijua, mimi ndiye niliyezitoa. Binti wa mazoezi kule hospitali alinisema mbele za watu: mzee anashinda kwenye kiti cha gari tangu asubuhi hadi jioni, goti linakauka, bega linakauka, mwakani hatasimama. Ni kweli. Kiti chenyewe kiko chini kama mkeka, ukishaingia hutoki bila kuvutwa. Na mazoezi makubwa yako Moshi, kila wiki, na pensheni ya dereva wa basi haifiki Moshi.

Basi liondoke. Nimeandika hivyo na roho haijatulia.

Jumanne, 4 Juni

Neno moja tu limembakia. Ndiyo. Maji? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Unaona baridi? Ndiyo. Na kichwa kinaitikia vilevile.

Leo nimechuchumaa kando ya mlango wa gari nikamwuliza, Baba Amani, tuliuze? Akasema ndiyo. Nikamwuliza, tusiliuze? Ndiyo. Wewe ni mwanamke? Ndiyo. Niolewe na mchungaji? Ndiyo. Nimecheka mpaka nimekaa kwenye mchanga. Naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu nimelia kidogo, nikaenda kuongeza maji kwenye makande.

Hapo ndipo penye kazi. Gari ni lake, jasho lake. Sitaliuza mpaka nijue kwa hakika kwamba anakubali. Amani ananiambia, mama, si ameshasema ndiyo? Mtoto huyu tulimsomesha mpaka chuo.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi Rajabu amekuja na begi lake la spana. Betri imekufa, plagi zimechoka, oili nyeusi kama masizi, vyote amevibadilisha. Matairi ya nyuma vipara. Taa za gari hili zinajificha ndani ya boneti, ukiwasha zinafunguka kama macho. Ya kushoto ilikuwa inafunguka nusu, watoto wa mtaa wakawa wanasema gari linawakonyeza. Kumbe panya kala waya. Rajabu ameunga, sasa linatutolea macho yote mawili.

Alipotaka kuwasha akanyoosha mkono apewe ufunguo. Baba Amani hakumpa. Amejipinda mzima mzima akauchomeka mwenyewe kwa kushoto, akauzungusha. Injini ikakohoa, ikagoma, ikakohoa tena, ikashika. Uso wake ulivyochangamka, sijauona hivyo tangu augue.

Rajabu akasema, "Mama, mzee hataki ufunguo wake ushikwe na mtu."

Niliona ni kweli.

Jioni ameniudhi. Tangu augue hanipi kitu mkononi. Ukimwomba kijiko anakiweka mezani. Ukimwomba kikombe anakiweka mezani. Mimi niko pale, mkono nimeunyoosha, anaukwepa kama una ukoma. Namlisha, namwogesha, namgeuza usiku asipate vidonda, na kijiko hanipi. Leo nimemwambia wazi, una kisirani wewe mwanamume. Akasema ndiyo.

Sina wa kumlalamikia. Miaka yote ya umatroni niliandika ripoti ya bweni kila siku kabla taa hazijazimwa. Wasichana sina tena. Nina mgonjwa mmoja na daftari.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kanisani peke yangu. Upepo ulikuwa mkali, mlimani kumefunga ukungu tangu asubuhi. Wamama wa kwaya wameniuliza, ni kweli mnauza kile kigari? Same hakuna siri.

Nakumbuka siku alipokileta. Wenzake walipopata kiinua mgongo walijenga vyumba vya kupangisha. Chake akaenda nacho Tanga, akarudi na gari jekundu la milango miwili, alilouziwa na Mhindi mmoja aliyekuwa anahama nchi. Viti viwili. Viwili tu! Nyumba haikuwa na dari, popo wanatuchungulia tukilala, yeye kaleta gari la viti viwili. Sikuzungumza naye wiki nzima. Siku ya kuzungumza nilimwuliza, watu wote wananunua gari la kubebea, wewe hili la nini? Akasema, "Maisha yangu yote nimebeba watu sitini na mizigo yao na kuku wao. Sasa nataka kubeba mmoja."

Jumapili iliyofuata nikapanda.

Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda Makanya, tunakunywa soda, tunarudi. Basi. Hatukuwa na shughuli Makanya. Watu wa lami walimjua, malori yalimpigia honi.

Kwao Mbaga halikufika hata mara moja. Lipo chini mno, mawe ya mlimani yangelipasua tumbo. Tuliliacha pale Mwembe kwa ndugu, tukapanda na basi. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akimwuliza, gari gani hilo lisilofika kwa mama? Mama yule alikuwa mkali kuliko mimi. Nyumbani kwake hata ukuni uliupokea kwa mikono miwili na goti chini. Nilipoolewa nilipiga magoti mpaka nikadhani natubu.

Jumanne, 11 Juni

Hospitali. Binti wa mazoezi amemwonyesha tena: ushike mkono mgonjwa kwa mkono mzima, uuinue pole pole mpaka kifuani, ushushe, urudie. Baba Amani akatazama dirishani. Mwaka mzima amelikataa zoezi hilo. Nadhani anaona ni mchezo wa chekechea.

Binti kaniambia nisiyategemee maneno yake. Nitazame macho na mkono mzima, huko ndiko anakosemea.

Mchana binti wa jirani amelipiga gari picha na kuziweka mtandaoni. Simu haijapumzika. Wote wanauliza bei ya mwisho kabla ya salamu. Wametoka matumboni mwa nani hawa?

Alhamisi, 13 Juni

Jumamosi anakuja mnunuzi kutoka Moshi na dalali wake. Amani kapiga simu: "Mama, siku hiyo mpeleke baba kwa jirani. Wakimkuta mgonjwa ndani ya gari watasema lina mkosi."

Nimemwambia, baba yako alianguka chooni, si garini. Basi na choo nacho kiuzwe?

Kapiga tena saa kumi. Kapiga tena usiku. Nimekubali. Nimechoka.

Jumamosi, 15 Juni

Siku mbaya.

Baada ya uji alisinzia. Nikauchomoa ufunguo mfukoni mwake kwa vidole viwili, huku nimezuia pumzi. Mke wake mimi, ninaiba. Alipoamka tukamshika, mimi na mume wa Mama Eliya, jirani yetu, tukampeleka uani kwao. Alikwenda bila ubishi. Njiani akapapasa mfuko. Akapapasa tena. Halafu akanitazama. Sikumtazama.

Mnunuzi alikuwa na miwani ya jua na manukato. Amelizunguka, amelisifu rangi, amepiga teke matairi. Akaingia ndani akakuta mto wa mgongo, taulo, harufu ya dawa ya kuchua. Nilisahau mto. Akauliza ni vya nani. Kabla sijafungua mdomo, kijana wa bodaboda aliyesimama nje akasema, "Vya mzee mwenye gari, amepooza. Anashinda humo."

Mtu yule alitoka garini kama ameketi juu ya siafu. Hata soda hakumaliza. Dalali akaniambia pembeni, mama, ungetuambia mapema.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo. Mimi nimeficha mgonjwa mzima.

Nimemrudisha Baba Amani nyumbani, nimemtilia ufunguo mfukoni mwenyewe. Akaufunika kwa kiganja. Mpaka sasa ninapoandika amelala na kiganja hapo hapo.

Jumapili, 16 Juni

Hakuingia kwenye gari leo. Amekaa kibarazani, uso kaupeleka barabarani. Nimemwomba radhi. Akasema ndiyo. Sijui kama amesamehe au ni ndiyo ile ile ya maji na uji. Hiki ndicho kinachonila. Ningetoa hiyo bei yote ya gari nisikie hapana moja.

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 19 Juni

Idd imepita. Leo amepiga simu mtu wa Hedaru, anaitwa Salehe, ana duka la mabati na misumari. Huyu amesalimia kwanza. Akauliza hali ya nyumbani. Nilikuwa nimeshajiapiza, nikamweleza yote bila kupumua: mwenye gari ni mume wangu, amepooza, hasemi, anashinda humo ndani, hatolewi wala hafichwi. Anayelitaka gari aje amsalimie mwenye gari kwanza. Kama anaogopa mkosi aendelee kuuza misumari.

Nikajua amekata simu. Kumbe yupo.

"Mama, ni yule mzee aliyekuwa na basi la asubuhi? Wa honi tatu?"

Nikasema ndiye. Akasema anakuja Jumamosi, Insha Allah.

Jumamosi, 22 Juni

Amekuja. Mtu wa makamo, kanzu imepigwa pasi, viatu amevua kibarazani bila kuambiwa. Baba Amani alikuwa amerudi garini tangu juzi. Salehe ameinama kwenye dirisha.

"Shikamoo mzee."

"Ndiyo."

"Ahsante, mzee wangu."

Basi. Hakunigeukia kuuliza ana nini, hakupandisha sauti kama wanavyofanya wengine, utadhani amekuwa kiziwi. Nimempenda hapo hapo.

Tumemhamishia Baba Amani kiti cha abiria. Kiti changu. Kazi haikuwa ndogo, ameguna, nami nimeguna. Ufunguo ameuchomeka yeye kwanza kabla ya kuhama. Wakaenda wote wawili mpaka Makanya wakarudi. Nilibaki kibarazani napepeta mchele usio na mawe.

Waliporudi Salehe alikuwa mpole kuliko alivyoondoka. Ameniambia yeye na wenzake walipokuwa watoto wa shule, Hedaru, walisimama kando ya lami kila asubuhi kungoja basi la Baba Amani. Madereva wengine waliwapigia honi ya kuwafukuza barabarani. Huyu aliwapigia tatu fupi, ya salamu, na mkono dirishani. Alipostaafu akawa anapita na hiki chekundu, honi ile ile. Anasema siku hizo duka lake lilikuwa Makanya, na alikuwa akiacha mteja ili atoke nje. Loh. Mume wangu alikuwa na watoto barabara nzima mimi sina habari.

Bei tumeafikiana. Siandiki, si habari ya daftari hili. Anarudi Jumamosi ijayo na pesa, na Amani atakuwepo kwa ajili ya kadi ya gari na sahihi.

Kabla ya kutolewa kiti cha abiria, Baba Amani alijipinda akazima injini, akachomoa ufunguo na kuurudisha mfukoni. Salehe alikuwa amenyoosha mkono kumsaidia. Akaukwepa mkono ule, kama anavyoukwepa wangu.

Hapo nimeingiwa na hofu tena.

Jumatano, 26 Juni

Nimeamua. Jumamosi Baba Amani mwenyewe ndiye atakayemkabidhi Salehe ufunguo. Hakuna mwingine. Akimpa, gari limeuzwa kwa ridhaa yake nami nitalala. Asipompa, haliuzwi, mazoezi tutafanyia hapa hapa kwa namna yetu, na Amani anune. Nimempigia kumwambia. Amenuna.

Baba Amani nimemweleza pia, taratibu, mara mbili. Nimemtazama macho kama alivyosema yule binti. Alinitazama muda mrefu. Akautoa ufunguo, akautazama, akaurudisha.

Sikuelewa kitu. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wanasema. Wasemao hawana nundu.

Ijumaa, 28 Juni

Amani amefika na basi la jioni, amekonda. Amempigia baba yake magoti, akamshika kichwa. Nilisahau kwamba na yeye anaumia. Nimempikia makande, kala sahani mbili.

Tumelisafisha ndani. Chini ya kiti cha abiria tumekuta vizibo vya soda za Makanya, bahasha ya sadaka ambayo haikufika kanisani, na kanga yangu ya zambarau. Ile kanga! Nilimshuku Mama Eliya miaka mitatu. Kumbe Baba Amani alikuwa anaifutia kioo. Nimemwonyesha, amecheka mpaka mate yakamtoka. Nikamfuta kwa hiyo hiyo kanga.

Tumepiga polishi mpaka milima inaonekana kwenye boneti. Limependeza. Chombo hiki nilikichukia wazi wazi, na leo nimekaa kwenye kiti changu peke yangu, mlango nimefunga. Sitaki liondoke. Nimeandika, nisije nikasema baadaye kwamba nilikuwa imara.

Lakini goti lake linakauka. Hilo nalo ni kweli.

Jumamosi, 29 Juni

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Salehe alifika saa nne. Chai, mihogo, salamu. Pesa zikatolewa, Amani akazipokea. Karatasi zikaja. Baba Amani akabonyeza kidole gumba cha kushoto, Amani akiwa amekishikilia. Hilo halikunituliza. Kidole hata cha maiti hubonyezwa.

Tulikuwa kibarazani, gari liko mbele yetu linang'aa. Nikasema, Baba Amani, mpe kijana ufunguo.

"Ndiyo."

Akautoa mfukoni. Salehe akasimama mbele yake, akainama, akakinga mikono yote miwili. Na Baba Amani akafumba ngumi. Ufunguo umo ndani ya ngumi ya kushoto, ngumi iko kifuani, hatoi.

"Baba, mpe," Amani akasema.

"Ndiyo."

Ngumi imefumbwa vilevile. Jasho linamtoka kwenye paji. Tukangoja. Jogoo wa Mama Eliya akawika, sijui alitaka nini. Amani akachoka, akainama aanze kumfumbua vidole kimoja kimoja. Nikampiga mkono. Mtu mzima na ndevu zake, nikampiga kama nilivyowapiga wasichana wa bweni.

"Mwache! Amekataa. Hamwoni? Baba yenu amekataa!"

Nikamwambia Amani arudishe pesa. Nikamwomba Salehe radhi. Naye akasema, "Hamna neno, mama. Kitu cha mtu akitoe mwenyewe." Na alisema kwa wema, ingawa nilimwona macho yalivyomlegea.

Nami nilifurahi. Acha niseme. Zaidi ya mwaka nangoja hapana ya mume wangu na hatimaye nimeipata, imefumbwa ngumini. Nilitaka kupiga vigelegele.

Salehe akavaa viatu. Ndipo Baba Amani akatoa sauti. Si ndiyo. Sauti tu, ya tumboni, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Tukageuka. Hakuwa anamtazama Salehe, wala mimi, wala gari. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia pale mapajani. Akafumbua ngumi, akauweka ufunguo juu ya kiganja kile kilichokufa. Ukateleza, ukaanguka sakafuni. Machozi yakamtoka.

Mwe!

Nikamwona mama mkwe, na ule ukuni wake. Nikamkumbuka konda aliyeachishwa kazi na Baba Amani pale stendi, kijana mzuri tu, kwa sababu alimpa bibi kizee chenji kwa mkono wa kushoto. Nikakumbuka Amani alivyochapwa, hajaanza hata shule, kwa kumnyooshea mgeni andazi kwa kushoto. Mkono huo ni wa chooni, alikuwa akimwambia, humpi mtu kitu kwa mkono wa chooni.

Hakukataa. Hakuwahi kukataa. Hakuwa na mkono wa kutolea.

Nikaokota ufunguo, nikapiga goti mbele yake, nikauweka kwenye kiganja cha kulia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nikavikunja juu ya ufunguo, kimoja baada ya kingine. Halafu nikaondoa mikono yangu. Amani alisogea amsaidie, nikamkatia jicho.

Baba Amani akakishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Akainua. Pole pole, unatikisika, ukashuka, akainua tena. Mpaka kifuani. Zoezi lile lile alilolikataa kwa yule binti mwaka mzima. Akaupeleka mbele, mkono umebebwa na mwenzake, kwa heshima zote, kama anavyotoa mtu aliyelelewa.

Salehe akapiga magoti na viatu vyake, akakinga mikono miwili. Vidole vikalegea vyenyewe, ufunguo ukaingia.

"Ndiyo," akasema Baba Amani.

Hiyo nimeijua.

Salehe akaingia garini. Aliondoka nalo taratibu, hakutimua vumbi. Alipofika kona ya lami akapiga honi tatu fupi. Baba Amani akainua mkono wa kushoto, badala ya ule wa dirishani, akaushusha.

Sasa wamelala, baba na mwana. Mimi nafikiria kijiko. Nafikiria vikombe vyote alivyoniwekea mezani tangu masika yale, nami nimesimama nimekinga mkono, nimevimba kwa hasira. Nilidhani ananisusia. Alikuwa ananiheshimu. Kila siku alikuwa ananiheshimu, na kila siku nilimwita mwenye kisirani, naye akanijibu ndiyo.

Jumanne, 2 Julai

Amani amerudi Dar. Kesho kutwa tunakwenda Moshi, nimeshamtayarishia sweta.

Pale lilipokuwa gari pamebaki doa la oili na alama za matairi. Kuku wamepapenda, wanajigaragaza hapo tangu alfajiri. Baba Amani ametembea na fimbo mpaka kwenye doa, akalitazama, akarudi. Ni mbali kuliko anavyotembea siku zote. Sikumsifu, asije akaacha.

Upepo umetulia. Ukungu umeinuka, milima ya Pare yote inaonekana.

Nilimtilia chai ya tangawizi kibarazani, na yangu nikaiweka karibu yake, nikaenda kuanika shuka. Niliporudi nikamwomba anipe kikombe changu. Nilisema kwa mazoea tu. Akakisogeza kwa kushoto mpaka mapajani, akakipachika kwenye kiganja cha kulia, akakikunjia vidole, akashika kifundo, akainua. Amechukua muda mrefu. Nusu ya chai imemwagikia suruali, nusu sakafuni. Nimesimama nimengoja, sikumsaidia.

Nimepiga goti, ingawa magoti yangu nayo ni mabovu, nikakipokea kwa mikono miwili. Chai ilikuwa imepoa. Nimeinywa yote.